Baiskeli mpya: ununue dukani au mtandaoni? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimefungua maboksi mengi ya baiskeli, yangu na ya watu wengine, na maswali yanayonijia ni yale yale. Nimeyajibu hapa, mengine kwa kirefu kwa sababu ndiyo yanayowaumiza watu.

Nikate shauri vipi: dukani au mtandaoni?

Kama hii ni baiskeli yako ya kwanza, au ya kwanza baada ya miaka mingi, nunua dukani, kwa muuzaji mwenye fundi wake. Kama tayari unaendesha, unaijua saizi yako kwa vipimo, na unaweza kukaza bolti bila kuikata, mtandaoni kutakufaa na pengine utaokoa pesa nyingi.

Sababu yangu ni hii: baiskeli haimalizwi kiwandani. Kiwandani hufungwa nusu ikatiwa kwenye boksi. Kunyoosha ringi, kuweka breki, kupanga gia na kupandisha kiti kiendane na mguu wa mwenyewe ni kazi ya mtu mwingine. Dukani mtu huyo ni fundi, na ujira wake umo ndani ya bei. Mtandaoni mtu huyo ni wewe. Karibu kila jibu hapa chini linarudi kwenye jambo hili.

Mbona mtandaoni bei iko chini hivyo?

Muuzaji wa mtandaoni halipi pango la jengo la barabarani wala mshahara wa fundi wa mbele ya duka, na wengine huuza bila mtu wa kati kabisa. Canyon ya Koblenz, Ujerumani, imekua kwa mtindo huo: baiskeli inatoka kwao inakuja kwako moja kwa moja. Kwa hiyo bei ya chini peke yake haimaanishi ubovu. Mara nyingi kwa pesa ile ile utapata gia au breki za daraja la juu kuliko za dukani.

Ila linganisha kitu kizima na kitu kizima. Chukua karatasi uandike bei, usafiri, ushuru kama inavuka mpaka, pedeli (baiskeli nyingi za mbio na za milimani za daraja la juu huuzwa bila pedeli), pampu, spana usizokuwa nazo, na ujira wa fundi kama hutaifunga mwenyewe.

Usafiri ndio unaowashangaza watu. Kampuni nyingi za vifurushi hutoza kwa nafasi ambayo mzigo unachukua: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5000. Boksi la sentimita 140 kwa 80 kwa 20 linatoka kilo 44.8, ingawa baiskeli iliyomo ina kilo 15 tu. Ukijumlisha yote na bado mtandaoni kuko chini sana, basi hiyo ni nafuu ya kweli, ichukue. Kwa baiskeli za bei ndogo nimeona hesabu hiyo ikigeuka mara nyingi.

Duka lolote linafaa?

Hapana, na hili nalisema kwa mkazo. Duka linalopanga baiskeli pembeni ya majokofu na magodoro, bila fundi hata mmoja, halikupi kile unacholipia dukani. Hapo boksi limefunguliwa tu na mtu mwingine, labda aliyekuwa na dakika kumi na spana moja.

Kosa la kuangalia kwanza ni foki, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, iliyogeuzwa nyuma mbele. Simama ubavuni mwa baiskeli. Ncha za foki zinapoishika ekseli zinatakiwa kuelekea mbele. Breki ya kubana ringi inatakiwa iwe upande wa mbele wa foki, na kama ni ya diski, kikamatio chake kwa kawaida kinakaa mguu wa kushoto, upande wa nyuma. Ukikuta kinyume, usinunue hapo kitu chochote chenye magurudumu. Baiskeli yenye foki iliyogeuzwa inayumba mkononi, na mwendeshaji mpya hujilaumu yeye akidhani hajui kuendesha.

Ya mtandaoni inafika ikiwa tayari kuendeshwa?

Sivyo. Kwa kawaida gurudumu la nyuma, gia na cheni viko mahali pake, na gurudumu la mbele, usukani, kiti na pedeli vimefungiwa pembeni kwa vibana vya plastiki. Tangazo likisema imefungwa kwa asilimia 85, usiidharau 15 iliyobaki. Humo ndimo ilimo breki.

Andaa spana za L za milimita 4, 5 na 6, spana ya 15 ya pedeli (nyingine hutumia L ya 6 au 8), bisibisi, pampu yenye kipimo na grisi. Ukiweza kuazima spana ya kupimia nguvu ya kukaza, azima.

Usukani hushikwa na kifuniko chenye bolti, mara nyingi nne. Usikaze moja mpaka mwisho ndipo uende nyingine. Kaza kimsalaba, kidogo kidogo, mpaka uwazi wa juu na wa chini wa kifuniko ulingane. Nguvu inayotakiwa huandikwa papo hapo kwenye chuma, mara nyingi Nm 5 au 6 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), na hiyo ni ndogo kuliko mkono wa mtu mwenye wasiwasi unavyodhani. Bolti iliyoko juu kabisa ya shingo, kile kipande kinachounganisha usukani na foki, haishiki usukani, inabana beringi. Hiyo hukazwa kwanza, huku bolti za ubavuni mwa shingo zikiwa zimelegea. Kisha unanyoosha usukani na kukaza zile za ubavuni. Wengi hufanya kinyume, halafu wanashangaa mbele kunagonga kila wakibana breki. Jaribu hivi: bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma huku umeshika pale shingo inapoingia kwenye fremu. Ukihisi mchezo kwenye vidole, rudia.

Kama breki ni za diski za mafuta, kuna kipande cha plastiki kati ya pedi. Kitoe pale tu unapoingiza gurudumu, na usibane breki kabla diski haijakaa mahali pake. Pedi zikishakutana, kuziachanisha ni kazi.

Mpini wa kiti una mstari uliochorwa. Mstari huo usionekane. Ukionekana, mpini umetoka kupita kiasi na unaweza kuvunjika au kuipasua fremu.

Kabla ya hayo yote, mimi huangalia kishikio cha mkono wa gia za nyuma (ule unaohamisha cheni), kile kipande kidogo kinachouunganisha mkono huo na fremu. Jirani aliniita siku moja, boksi lake halina hata mkwaruzo, baiskeli inang'aa. Nikachuchumaa nyuma yake nikaangalia vile vigurudumu viwili vidogo vinavyopitisha cheni: havikuwa mstari mmoja na gia, vilikuwa vimeinamia spoki kwa upana wa kidole. Angeipanda kilima na kuingiza gia kubwa ya nyuma, mkono wote ungeingia kwenye gurudumu. Kwenye fremu nyingi za alumini na kaboni kipande hicho hutengenezwa laini makusudi, kipinde chenyewe fremu ibaki salama, na boksi likilazwa kwa upande huo safarini hakina ujanja. Fundi ana rula maalumu ya kukinyooshea, na haimchukui muda. Lakini lazima kwanza mtu aone.

Pedeli ya kushoto inakataa kuingia. Ni mbovu?

Unaikaza kwa upande usio wake. Pedeli ya kulia hukazwa kama bolti yoyote, ya kushoto hukazwa kinyume. Zimeandikwa R na L kwenye ekseli zake. Njia ya kukumbuka bila kuumiza kichwa: spana ikiwa juu, pedeli zote mbili hukazika ukiisukuma kuelekea mbele ya baiskeli.

Paka grisi kwenye nyuzi, anza kwa vidole vitupu, na usiguse spana mpaka pedeli imeingia mizunguko mitatu au minne kwa ulaini. Ikikwama, toa uanze upya. Mkono wa krenki, ule unaobeba pedeli, kwa kawaida ni wa alumini na ekseli ya pedeli ni ya chuma, kwa hiyo ukilazimisha ni krenki inayoliwa. Huu ndio uharibifu ninaoukuta zaidi kuliko mwingine wowote kwenye baiskeli zilizofungwa nyumbani.

Nitaijuaje saizi yangu bila kuipanda?

Anza na mguu, maana urefu wa mwili hautoshi: watu wawili wenye kimo kimoja wanaweza kupishana sentimita kadhaa za miguu. Simama ukutani bila viatu, bana kitabu chembamba kati ya mapaja, kipandishe mpaka kikugandamize kama kiti kinavyogandamiza, upande mmoja ukiwa umeegemea ukuta. Weka alama juu ya kitabu, pima mpaka sakafuni. Rudia mara tatu.

Zidisha kipimo hicho kwa 0.883. Jibu ni makadirio ya kimo cha kiti kutoka katikati ya ekseli ya krenki mpaka juu ya kiti. Njia hii ilienezwa na Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mara tatu, miaka ya 1986, 1989 na 1990. Mguu wa sentimita 80 unakupa 70.6. Ni mahali pa kuanzia, kisha mwili wako utakuambia upandishe au ushushe kidogo.

Kimo cha kiti hurekebishika kirahisi, urefu wa baiskeli haurekebishiki hivyo. Ndiyo maana watu hununua fremu inayowafaa miguuni ikawavunja mabega. Tafuta kwenye jedwali la muuzaji kipimo kinachoitwa "reach", yaani umbali wa mlalo kutoka usawa wa ekseli ya krenki mpaka juu ya shingo ya fremu (bomba la mbele ambamo foki hupita), na "stack", yaani kimo cha shingo hiyo kutoka ekseli ya krenki. Kama una baiskeli unayoipenda, au ya rafiki inayokukaa vizuri, pima vitu hivyo viwili uvilinganishe. Herufi S, M na L achana nazo. M ya kampuni moja inaweza kuwa L ya nyingine.

Ukijikuta katikati ya saizi mbili, kwa safari za kawaida mimi huchagua ndogo. Mpini wa kiti unaweza kupandishwa na shingo ya usukani kubadilishwa kwa ndefu kidogo. Fremu kubwa haipungui.

Na hapa ndipo duka linapoishinda karatasi yoyote. Fundi mzuri hukuangalia ukiwa juu ya baiskeli kwa dakika moja akaona goti linalokwenda nje, kiwiko kilichokakamaa, nyonga inayoyumba kwa sababu kiti kimepanda mno.

Nikienda dukani nifanye nini zaidi ya kuuliza bei?

Ipande. Nenda umbali wa kutosha ujisahau, pandisha mahali penye mwinuko, badilisha gia zote ukiwa unakanyaga pedeli kwa nguvu, funga breki kwa nguvu. Simama ukiwa umeiweka fremu katikati ya miguu: kwenye baiskeli ya barabarani yenye bomba la juu lililonyooka, uwazi wa sentimita 2 au 3 unatosha, na kwenye ya njia mbaya tafuta 5 au zaidi.

Kisha uliza kama huduma ya kwanza baada ya wiki chache imo kwenye bei, kama watabadilisha kiti kisichokufaa, na nani ameifunga. Fundi aliyeifunga akiwa hapo, zungumza naye. Mtu anayejivunia kazi yake atainua gurudumu na kulizungusha mbele yako kabla hujamwomba.

Usiondoke na saizi isiyo yako kwa sababu ndiyo iliyobaki. Muuzaji anayekwambia "utaizoea" anataka nafasi sakafuni mwake.

Je, naweza kujaribu dukani halafu ninunue mtandaoni?

Hakuna atakayekuzuia. Lakini yule aliyekupa nusu saa yake, akakupima, akakushushia kiti na kukuazima baiskeli uzungukie nayo, amekufanyia kazi. Kuichukua kazi hiyo na kumlipa mwingine ni kumdhulumu, nami siwezi kuiita vinginevyo. Pia una hasara yako ndani yake: ni yeye utakayemtafuta spoki ikikatika.

Yapo maduka yanayopima watu kwa malipo, baiskeli inunuliwe popote. Hiyo ndiyo njia safi. Lipa upimwe, ondoka na namba zako, ukanunue utakako. Au mwoneshe muuzaji bei uliyoiona umuulize waziwazi anaweza kufika wapi. Huenda asiifikie bei hiyo, akakuongezea madigadi, taa au huduma ya mwaka mzima, na ukikokotoa ukakuta umepata zaidi.

Fundi atakubali kuitengeneza niliyonunua mtandaoni?

Wengi hukubali, kwa malipo yao ya kawaida. Mpigie kabla boksi halijafika, umwambie ni aina gani na unataka aifunge. Usimpelekee ikiwa umeshaifunga nusu na bolti mbili zimekatika ukatarajia bei ya kufunga mpya, maana kukufungulia makosa huchukua muda kuliko kuanza upya.

Shida ya kweli iko kwenye vipuri. Baadhi ya baiskeli za mtandaoni zina vipande vya aina yake, kuanzia kishikio cha mkono wa gia mpaka mpini wa kiti, ambavyo fundi wako hawezi kuvipata kwa msambazaji wake. Agiza kishikio cha akiba siku ile ile unayonunua baiskeli.

Nitajuaje kama tairi na tyubu zake zitapatikana ninapoishi?

Soma namba mbili zenye kistari kati yake ubavuni mwa tairi, kwa mfano 37-622. Ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha ringi pale tairi linapokaa, na hiyo ya pili ndiyo isiyosema uongo. Zile za inchi hudanganya. "Inchi 26" inaweza kuwa 559 ya baiskeli za milimani za zamani au 590 ya baiskeli nyingi za mjini, na tofauti hiyo ya milimita 31 hailazimishiki kwa mkono wala kwa sabuni. "Inchi 28" inaweza kuwa 622 au 635. Na 700C na "inchi 29" zote ni 622.

Kabla ya kulipa, pita kwa wauza vipuri wa karibu uwaulize namba hiyo. Wakitingisha kichwa, chagua baiskeli nyingine au ununue tairi za akiba kabisa.

Nimeagiza kutoka nchi nyingine na breki zimekaa upande usio wangu. Imekosewa?

Huenda haikukosewa. Uingereza mkono wa kulia hubana breki ya mbele. Marekani na sehemu kubwa ya bara la Ulaya mkono wa kushoto ndio wa mbele. Ukizoea mmoja ukapewa mwingine, siku ya dharura utabana ya mbele peke yake kwa nguvu zote na kurushwa. Za waya hubadilishwa kwa kuhamisha nyaya. Za mafuta ni kazi ya fundi, kwa sababu mara nyingi mipira ya mafuta inafunguliwa na hewa lazima itolewe. Muulize muuzaji kabla, wengine hubadilisha wakiombwa.

Dhamana ya mtandaoni ina nguvu sawa na ya dukani?

Kwenye karatasi, mara nyingi ndiyo. Kwenye utekelezaji, fremu ikipasuka duka lako litaichukua, litaipiga picha na kuzungumza na kampuni kwa niaba yako. Mtandaoni utaifungua wewe, utaipaki wewe, na pengine usafiri wa kuirudisha ni juu yako. Tunza boksi lake kwa miezi michache ya mwanzo. Soma pia kama dhamana inadai baiskeli iwe imefungwa na fundi anayetambulika. Baadhi zinadai hivyo, na risiti ya fundi ndiyo ushahidi wako.

Jambo jingine ni uhai wa muuzaji. Oktoba 2023 Wiggle Chain Reaction ya Uingereza, mojawapo ya maduka makubwa ya baiskeli mtandaoni, iliwekwa mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi. Maduka ya mitaani nayo hufilisika. Kinachokulinda kote kuwili ni dhamana inayotolewa na mtengenezaji mwenyewe, kwa jina lako na namba ya fremu yako.

Na kuirudisha isiponifaa?

Hapa mtandaoni kuna faida ambayo watu wengi hawaijui. Katika Umoja wa Ulaya, aliyenunua kwa mbali ana siku 14 tangu apokee bidhaa kubadili nia bila kutoa sababu, na aliyenunua dukani hana haki hiyo kisheria, ana hisani ya duka tu. Uingereza pia ina siku 14. Kwingine sheria hutofautiana, basi soma masharti ya muuzaji kabla ya kulipa, hasa mstari unaosema nani analipia usafiri wa kurudisha. Kumbuka lile boksi la kilo 44.8. Na ukishaiendesha barabarani ikachakaa, muuzaji anaweza kukukata pesa.

Boksi limefika limetoboka. Nifanyeje?

Piga picha pande zote kabla ya kulifungua, mleta mzigo akiwa bado yupo. Andika "boksi limeharibika" pale unapoweka saini. Akikukataza kuandika, kataa kupokea. Kisha fungua, piga picha kila mkwaruzo, na utume malalamiko siku hiyo hiyo. Usianze kuifunga, kwani ukishaifunga watasema uharibifu ni wako.

Nitamtambuaje tapeli?

Bei iliyo nusu ya bei ya kila mtu mwingine, kwa baiskeli ambayo kila mtu mwingine amesema imekwisha. Malipo ya kutuma moja kwa moja kwenye akaunti ya benki au simu ya mtu binafsi. Hakuna anwani, au anwani ipo na ukiitafuta kwenye ramani unakuta nyumba ya kuishi. Picha zimechukuliwa kwa kampuni nyingine. Akikuharakisha, ondoka.

Kuna na utapeli wa bidhaa yenyewe: fremu za kaboni na kofia za bandia zilizobandikwa majina makubwa. Kaboni ya bandia sitaki hata kuiona. Inapovunjika haionyi, na inavunjika ukiwa kwenye mwendo. Kwa kofia na fremu za kaboni nenda kwa muuzaji anayetambuliwa na kampuni husika tu. Kwa baiskeli nzima, uliza kama imejaribiwa kwa kiwango cha ISO 4210, ambacho ndicho kiwango cha kimataifa cha usalama wa baiskeli.

Vipi ya umeme?

Hiyo nunua karibu na nyumbani kadiri unavyoweza. Betri ya volti 36 na ampea-saa 14 ina nishati ya watt-saa 504, na mashirika ya ndege hayamruhusu abiria kubeba ya lithiamu inayozidi 160. Kwa hiyo betri ikifa, kuituma kwa muuzaji wa mbali ni shughuli ya mizigo ya hatari, yenye taratibu na gharama zake. Betri yoyote inayosafirishwa inatakiwa iwe imepita jaribio la UN 38.3, lile la Umoja wa Mataifa la usalama wa betri za lithiamu safarini. Muuzaji asiyejua hilo ni nini, mwache.

Angalia pia sheria za barabara yako. Umoja wa Ulaya huichukulia kama baiskeli ya kawaida ile yenye mota isiyozidi wati 250 inayoacha kusaidia ikifika kilomita 25 kwa saa. Mtandaoni zinauzwa zenye nguvu mara tatu ya hapo, na askari wa barabarani atashughulika na wewe aliyekukuta juu yake.

Ya mtoto?

Dukani, mtoto akiwepo. Za watoto hupimwa kwa gurudumu: inchi 12, 14, 16, 20, 24. Mtoto akae kitini akiwa anafika chini kwa miguu, na vidole vyake viweze kuivuta breki mpaka ishike kweli. Usinunue kubwa ili "akue nayo". Ataiogopa, na mtoto anayeiogopa baiskeli huiacha.

Hakuna njia ya katikati?

Ipo, na ningependa watu wengi zaidi waitumie. Kampuni kama Trek na Giant, katika nchi kadhaa, hukuruhusu kuchagua na kulipa mtandaoni, kisha baiskeli inapelekwa kwa duka lao lililo karibu nawe, fundi anaifunga, unaenda kuichukua na kupimwa. Pasipo na utaratibu huo, unaweza kuutengeneza mwenyewe: kubaliana na fundi, na boksi lipelekwe kwake moja kwa moja.

Wiki ya tatu gia zimeanza kuruka na kuna mlio. Nimeuziwa mbovu?

Yaelekea hapana. Baiskeli yoyote mpya hukaa sawa katika mwezi wa kwanza, iwe ya dukani au ya mtandaoni. Maganda ya nyaya hujibana, waya unakuwa kama umerefuka, na gia zinakosa mahali. Zungusha nusu mzunguko, kinyume cha saa, kile kirekebishi kinachoshikwa kwa vidole pale waya unapoingilia kwenye mkono wa gia za nyuma, kisha jaribu. Spoki nazo hulegea, ringi ikaanza kugusa breki upande mmoja. Hilo mwachie fundi mwenye ufunguo wa spoki, kwa sababu kukaza moja bila kuangalia zinazoizunguka huzidisha kuyumba.

Mlio mmoja usiusubirishe: "tak" inayotokea kila mguu wa kushoto unaposhuka. Hapo mkono wa krenki wa kushoto umelegea. Kama ekseli yake ni ya pembe nne, kila mzunguko unaokanyaga unalitanua tundu la alumini, na tundu likishatanuka hakuna kukaza kutakakolishika tena. Shuka, iongoze kwa mkono mpaka kwa mwenye spana. Bolti ni moja, na ikikazwa siku hiyo hiyo krenki inapona.